Mtu wa Kamba

Kaka yake hajanisalimia tangu siku ile. Tukipatana steji anajifanya kusoma simu, na mimi sina neno jipya la kumwambia.

Nilikuwa kibarua kwenye kiwanda fulani huku Industrial Area. Wiki hiyo tulikuwa tunaosha tangi la majitaka. Mwenzangu alikuwa ndani akikoroga tope. Mimi nilikuwa mlangoni nikichunga kamba iliyofungwa kwenye mikanda aliyovaa mwilini. Wasee walinicheka, ati nalipwa kukaa.

Asubuhi tulikuwa tumepima hewa na kipimo kikasoma sawa: oksijeni asilimia 20.9, sumu hakuna. Lakini tope likikorogwa huachilia gesi iliyokuwa imelala ndani yake. Haidrojeni salfaidi hunuka kama yai viza, ila ikizidi inaua pua kwanza. Harufu ikipotea ghafla, usidhani hatari imeisha. Huenda ndiyo imefika.

Nilimwita, kimya. Nikamwita tena. Kaka yake, ambaye alikuwa anasukuma mkokoteni pale karibu, alikuja mbio akitaka kuingia. Nikapigia wenzetu wawili kelele wamshike, nami nikaanza kuzungusha winchi. Alipiga mateke, akanitukana, akasema, "Wewe si mtu! Hiyo ni damu yangu!"

Tulimtoa. Alitapika, akalazwa siku mbili, na leo yuko hai. Lakini kaka yake haoni kwamba nilimwokoa ndugu yake. Anaona kwamba nilimnyima nafasi ya kuwa ndugu. Na ukweli ni kwamba namwelewa. Tumelelewa na methali isemayo akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sasa wewe mwenzako yuko dhikini hatua mbili kutoka ulipo, na unaambiwa usisonge?

Mwaka 1986, taasisi ya Marekani inayochunguza usalama kazini, NIOSH, iliandika kwamba zaidi ya asilimia 60 ya waliokufa mahali pafinyu kama pale walikuwa watu walioingia kuokoa. Isome tena polepole. Wengi wao waliuawa na upendo uliokosa hewa ya kupumua. Methali yenyewe inasema akufaaye, haisemi afaye nawe. Mtu wa pili akianguka ndani, yule wa kwanza hajapata msaada wowote. Amepata mwenzake wa kulala naye, na walio nje sasa wana miili miwili ya kuvuta.

Kuna swali moja hunisumbua usiku: je, angekufa? Ningekuwa yule jamaa aliyemzuia mtu kumfikia ndugu yake wa damu. Je, ningekuwa nimekosea? Nadhani la. Sikujua kama kamba ingetosha. Nilijua tu kwamba hewa iliyomwangusha mmoja ingemwangusha wa pili. Uamuzi upimwe kwa kile ulichojua ulipoufanya, hata kama matokeo yatakuliza maisha yako yote. Hilo halinipi usingizi, lakini naweza kulisimamia.

Halafu nakumbuka kwamba mdosi pia alikuwa nje. Yeye kila siku yuko nje. Na huko mitaani kuna vijana wanaoshuka kwenye mashimo ya vyoo bila kipimo, bila mikanda, bila mtu wa kuwachunga, kwa sababu jioni lazima unga upatikane. Ukimwambia kijana kama huyo asiingie kumwokoa mwenzake, unamwambia asimame atazame tu. Huo si usalama, ni ukatili. Huwezi kumdai mtu utulivu na hukumpa kamba. Anayeituma kazi bila kununua kamba ameshaamua ni nani atakufa, hata kama hajui jina lake.

Kwa hiyo kukaa nje peke yake si wema wala uoga. Mdosi alikaa nje, nami nilikaa nje. Mimi nilikuwa na ncha moja ya kamba, na kwenye ncha nyingine kulikuwa na mtu.

Siku moja nitamfuata kaka yake pale steji nimwambie hivyo. Akikataa kunisikiza, sawa. Ndugu yake anamngoja nyumbani kwa chakula cha jioni.