Mkono Uliopooza na Wajibu Wetu

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ama baad:

Ndugu Waislamu, mtu akipigwa na kiharusi katika miji yetu, wengi hunena kwamba amekumbwa na jini. Hufukizwa ubani, hufungwa hirizi, na siku zikapita bure. Lakini sababu yake yajulikana: mshipa wa damu wa ubongo umeziba au umepasuka. Mkono wenyewe hauna ila. Kilichokatika ni amri iujiayo kutoka kichwani.

Mtume (s.a.w.) ametuhimiza kutafuta dawa, na akatufundisha kuwa kila maradhi yana dawa isipokuwa uzee. Basi mgonjwa na apelekwe hospitali saa ile ile. Na akisharudi nyumbani, dawa kubwa ya mkono ni kutumiwa. Mtaalamu wa Marekani, Edward Taub, alibainisha kwamba mgonjwa aujaribuye mkono ukamshinda hujizoeza kuuacha, hata nguvu iliyorejea ikabaki imelala. Mwaka 2006 ulitangazwa uchunguzi wa wagonjwa 222 ambao mikono yao ilikuwa ingali na mwendo kidogo. Baadhi yao walivishwa glavu mkono ulio mzima kwa wiki 2, wakafanyishwa mazoezi ya ule dhaifu; nao wakawapita wenzao waliopata matibabu ya kawaida.

Na sisi je? Twamlisha, twamvisha, twamtawadhisha, tukidhani twachuma thawabu. Kumbe huruma yetu ndiyo imfungayo. Tumwache ashike kikombe, afunge kifungo, ajioshe uso wakati wa udhu, mara nyingi kila siku, nasi tu karibu naye. Wala tusimwinue kwa kumvuta mkono ule, kwani bega lake huumia.

Na yule aonaye haya kula kwa mkono wa kushoto, tumwambie kuwa sheria imempa udhuru, wala Mola hamkalifishi mtu lisilo katika uwezo wake. Lakini udhuru si ruhusa ya kuukatia tamaa mkono wa kulia.

Hatusemi kila mkono utarejea kama ulivyokuwa. Wako ambao kiganja hakitafunguka tena, nao wana ujira wao kwa Mola wao. Twasema tu kwamba subira si kukaa kitako. Subira ni kukirudia kitendo kidogo kila siku pasi na kuchoka.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, na atufunze kuwauguza kwa ilimu. Amin.