Anayeacha Kudhuru, Alipwe?



Tarehe 3 Julai 2020 Bunge la Ujerumani lilipitisha sheria ya kukomesha umeme wa makaa ya mawe. Mtambo wa mwisho unatakiwa uzimwe ifikapo mwaka 2038. Kwa nchi ambayo mwaka mmoja kabla ya hapo ilipata zaidi ya robo ya umeme wake kutokana na makaa hayo, hilo si jambo dogo. Lakini kilichonifanya nishike kalamu ni malipo. Sheria hiyo ilitenga hadi euro bilioni 4.35 kwa ajili ya kampuni mbili, RWE na LEAG, ili ziache kuchoma makaa ya kahawia.

Nauliza: mtu anayeacha kuwadhuru wenzake, je, ana haki ya kulipwa?

Wengi wetu tutajibu haraka kwamba hana. Jirani akitupa taka kisimani, hatumchangii fedha ili aache. Hadithi mashuhuri inayokataza kudhuru na kudhuriana ndiyo msingi wa kanuni ya fiqhi kwamba madhara ni lazima yaondolewe. Na madhara ya makaa hayana shaka. Makaa ya kahawia hutoa takriban kilo 1 ya hewa ya ukaa kwa kila uniti moja ya umeme. Moshi wake una salfa, zebaki na vumbi laini linaloingia mapafuni. Tena joto linaloongezeka duniani halina mpaka; linamfikia hata mfugaji ambaye hajawahi kuwasha taa ya umeme maishani mwake.

Hata hivyo, jibu hilo la haraka linaruka jambo. Katika historia yetu kuna mifano miwili inayoelekea pande tofauti.

Wa kwanza ni wa pombe. Ilipoharamishwa Madina, watu waliimwaga mpaka ikatiririka njiani, na hakuna aliyekaa kungoja bei yake. Abu Talha alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu pombe waliyorithi mayatima, akaamriwa aimwage. Na mali ya yatima, sote tunajua, ina ulinzi mkubwa katika dini yetu.

Wa pili ni wa nyumba. Wanahistoria wanaeleza kwamba Sayyidna Umar (r.a.) alipopanua Msikiti wa Makka mwaka wa 17 Hijria, alizinunua nyumba zilizouzunguka. Waliokataa kuuza, nyumba zao zilibomolewa, lakini thamani yake iliwekwa katika hazina ya Kaaba mpaka walipokuja kuichukua.

Tofauti iko wapi? Pombe yenyewe ndiyo iliyokuwa madhara. Nyumba zile hazikuwa na dosari yoyote. Wenyewe walibebeshwa mzigo kwa manufaa ya wengine. Wanazuoni wana kanuni kwamba madhara ya wachache huvumiliwa ili kuzuia madhara ya umma. Kanuni hii mara nyingi husomwa kana kwamba wale wachache wanyamaze tu. Kitendo cha Umar kinatufundisha kuisoma hadi mwisho: anayebebeshwa mzigo wa wote anawadai wote.

Basi mtambo wa makaa ni pombe au ni nyumba?

Rai yangu ni kwamba inategemea mwenye mtambo alijenga lini, na alikuwa anajua nini. Aliyejenga mwaka 1960 kwa idhini ya serikali, ili viwanda na hospitali vipate umeme, yuko karibu na wenye nyumba wa Makka. Lakini mwaka 1992, mjini Rio de Janeiro, mataifa yalitia saini mkataba wa mabadiliko ya tabianchi, Ujerumani ikiwemo. Hilo lilikuwa tangazo. Na tangazo lina uzito katika sheria yetu. Imepokewa katika Sahih Muslim kwamba kabla ya katazo la mwisho la pombe, Mtume (s.a.w.) aliwatahadharisha watu kwamba huenda amri ikashuka, na aliye nayo aiuze anufaike nayo. Walipewa muda. Aliyeendelea kujaza mitungi baada ya onyo lile angemlaumu nani?

Sasa tazama mtambo wa Moorburg mjini Hamburg. Ulianza kazi mwaka 2015, miaka 23 baada ya Rio. Desemba 2020 ulikuwa miongoni mwa mitambo 11 iliyoshinda mnada wa kwanza wa kujifunga kwa malipo, ambao jumla yake ilikuwa euro milioni 317. Haukuwa umetimiza hata miaka sita. Huyo simwoni kuwa mwenye nyumba. Namwona aliyejaza mitungi huku onyo liko masikioni.

Wachimbaji wa Lausitz, mashariki mwa Ujerumani, ni habari nyingine. Kijana ambaye baba na babu yake walichimba makaa hakukaa kwenye kikao kilichoamua kujenga mtambo. Alikuta kazi, akaifanya. Kwa hawa sheria imefanya vizuri: wafanyakazi kuanzia miaka 58 wanaweza kulipwa kwa muda wa hadi miaka mitano mpaka wafikie pensheni, na sheria nyingine iliyopitishwa siku hiyohiyo inatoa hadi euro bilioni 40 kujenga upya uchumi wa mikoa ya makaa. Hiyo siiiti sadaka. Ni deni linalolipwa.

Kuna hoja nzito dhidi yangu. Mtu atasema: kampuni zisipolipwa zitakwenda mahakamani, kesi itachukua miaka, na muda wote huo moshi utaendelea. Afadhali zilipwe zizime. Naikubali, kwa sababu fiqhi yetu pia inaturuhusu kuchagua dogo kati ya madhara mawili. Ila tuyaite malipo hayo kwa jina lake. Fedha inayotolewa ili kuepusha shari si haki ya anayeipokea. Jina lina maana, kwa sababu tukiliita haki, kesho mwingine atajenga kwa makusudi ili alipwe kubomoa. Na kuna mdai mwingine ambaye sheria ile haina kifungu chake: yule mfugaji niliyemtaja. Hasara ya mwenye mtambo imehesabiwa hadi senti, yake haikuhesabiwa.

Hapa Uganda umeme wetu unatoka zaidi kwenye maji ya Nile, Bujagali na Karuma, kwa hiyo mtu anaweza kusema haya hayatuhusu. Lakini tulipigwa mtihani uleule Mei 2023, pale Rais alipotoa amri ya kupiga marufuku biashara ya mkaa wa kuni Acholi na sehemu nyingine za Kaskazini. Nia ilikuwa njema. Miti inakwisha, na mti wa shea haukui kwa mwaka mmoja. Ila mjane aliyechoma magunia mawili ili alipe ada ya mtoto ni wa kundi la mchimbaji wa Lausitz, na amri ile haikuja na fungu kama la Lausitz. Tajiri wa Ulaya alipewa mabilioni ili aache, maskini wa Gulu aliambiwa tu aache.

Wenzetu wa Lamu walishika njia iliyo bora zaidi. Juni 2019 baraza la mazingira la Kenya lilifuta leseni ya mtambo wa makaa uliokuwa ujengwe huko, baada ya wenyeji kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Wanazuoni husema kuzuia ni kwepesi kuliko kuondoa. Mtambo usiojengwa hauna mfanyakazi wa kumfuta kazi wala mwenye hisa wa kumbembeleza.

Ndugu zangu mnaosoma sheria, uchumi na uhandisi, baadhi yenu mtaandika sheria za namna hii. Kabla hamjagawa fidia, ulizeni nani alijua, nani alikuwa na hiari, na nani ameshaumia tayari. Wa mwisho huyo aanze kulipwa, hata kama hana wakili.

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu hata pale unapotugharimu. Wallahu a'lam.