Amana Iliyo Juu ya Dari

Fundi wa umeme apandapo ngazi, ambayo aghalabu ni fupi kuliko haja, akaondoa kipande kimoja cha dari ya kuning'inizwa na kuingiza kichwa katika kiza cha vumbi ili atie soketi ya projekta ya darasa, huwa ameingia katika ghaibu ndogo, mahali pasipo shahidi baina yake na Mola wake. Kisanduku cha soketi chaweza kufungwa barabara kwenye zege iliyo juu. Chaweza pia kuachwa kikalalia ubao mwepesi wa jasi, na ule waya wa ardhi, wa kijani na manjano, ukakunjwa kando bila kuungwa, na projekta ikawaka vile vile. Hapo ndipo ihsani, ambayo wanazuoni huifasiri kuwa ni kumwabudu Mungu kana kwamba wamwona, huacha kuwa neno la msikitini pekee. Wako wasemao kwamba aliyefanya vyema kwa kumhofu mkaguzi na aliyefanya vyema kwa uchaji wamelingana, maana umeme hauulizi nia. Nami, kwa upande wa umeme, siwapingi. Lakini mkaguzi hushuka ngazi akaenda zake, na skrubu ya kubania waya iliyoachwa imelegea huendelea kupata moto taratibu, miaka nenda miaka rudi, juu ya vichwa vya watoto wasomao.