Ndege mwenye kupita ni wa nani?

Kwetu Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, mwezi wa tatu mbayuwayu wanaruka wengi juu ya maji, wanakamata wadudu mbele ya kurudi Ulaya. Mtoto mmoja alimpiga mmoja wao na jiwe. Nilimkaripia, akajibu: «Mwalimu, huyu ana mwenyewe?» Nikakosa jibu.

Wakati huo huo, pwani ya Uingereza, kama kule Portland, kuna watu wenye kuamka mapema na baridi, wanaandika kila siku ndege gani amefika na hesabu yao. Hawali hata mmoja. Mwaka 1911 mbayuwayu alivikwa pete mguuni katika inchi ile. Mwezi wa 12 mwaka 1912 akakutwa Natal, Afrika ya Kusini. Ndipo watu wakajua anakokwenda.

Basi, ndege huyu ana wenye kumngoja. Na kama angekosa hata mmoja? Wazee wetu walimpa mpita njia maji bila kuuliza kwanza ni wa nani. Kukosa mwenyewe si ruhusa ya kuua. Hilo ndilo jibu nililomrudishia mtoto.