Chini ya Mshipi Mpya

Baharia mmoja kijana wa Shimoni, kusini mwa pwani ya Kenya, aliachiwa rili na mtalii aliyekuwa akirudi kwao. Rili ilikuwa nzima ila haikuwa na mshipi. Kijana akajinyima, akanunua mita 300 za mshipi wa kusokotwa, ule mwembamba wenye nguvu nyingi, akaufunga moja kwa moja kwenye ngoma ya rili. Ngoma haikujaa hata nusu. Hilo halikumsumbua.

Samaki wa kwanza alipovuta, kijana alizungusha mkono wa rili na mshipi haukurudi. Akakaza breki, wapi! Akaamua kwamba breki imekufa na ndiyo sababu mwenyewe aliitoa bure. Kumbe breki ilikuwa salama. Mshipi wa kusokotwa hautanuki kama nailoni, kwa hiyo haubani chuma laini. Ukivutwa kwa nguvu, furushi zima huteleza juu ya ngoma. Ami yake, mvuvi wa mshipi wa mkono tangu ujana, aliishikilia ngoma kwa kidole gumba, akauvuta mshipi, akaona furushi likizunguka peke yake.

"Si breki, mwanangu. Tia nailoni chini kwanza."

Ushauri ulikuwa sahihi, ila mfupi, na kijana hakuuliza nailoni gani, kiasi gani, wala iungwe vipi. Alichukua nailoni nene iliyokuwa imetundikwa ukutani miaka mingi ikipigwa jua, akaijaza chini, kisha akaziweka ncha mbili pamoja na kuzifunga fundo moja, lile la kufungia mfuko wa unga. Juu yake akarudisha mshipi mpya. Rili ikajaa, ikapendeza.

Kaskazi ilipotulia, yeye na ami walitoka kwenda mkondo wa Pemba, na jodari akala. Jodari hazunguki juu juu. Huelekea chini, na hapo mshipi hutoka kama una deni. Kadiri ngoma inavyopungua, breki ile ile huzidi kuwa nzito: ukiipima kilo 6 ngoma ikiwa imejaa, itakuwa karibu kilo 12 upana wa kilichobaki ukishuka hadi nusu. Kijana hakulijua hilo. Alipoiona nailoni chakavu ikianza kuchungulia, akaikaza breki zaidi. Fundo likagonga pete ya kwanza ya fimbo, likapita. Likagonga ya pili, likakwama. Jodari akaondoka na mita zote 300.

Ami hakumlaumu. Aliomba aone ncha iliyobaki. Ilikuwa imejikunja mapindi mapindi, na mapindi hayo ni ushahidi: fundo liliteleza mpaka likafunguka. Mshipi uliokatwa na mwamba huacha ncha yenye mikwaruzo, na hapo lawama ingekuwa ya bahari.

Wako wanaosema nailoni ya chini haina maana kwa kuwa haifiki majini. Kwa anayevua changu karibu na mwamba, sawa: nailoni ya mita chache tu, ya kuishika ngoma, yamtosha. Anayefuata jodari au nguru hana ruhusa ya kusema hivyo. Nailoni yake iwe mpya, isipungue nguvu ya mshipi wa juu, wala isiwe nene ovyo. Tena isizungushwe kwa kukazwa mno, kwani nailoni iliyonyooshwa hujirudi taratibu, na zikiwa tabaka nyingi zaweza kuipasua ngoma.

Kipimo chake hakihitaji hesabu. Zungusha mshipi mpya kwanza, juu yake nailoni mpaka ibaki milimita mbili tatu kufika ukingoni, kisha uhamishie nailoni kwenye rili moja na mshipi kwenye nyingine, halafu urudishe nailoni kwanza na mshipi juu yake. Kazi ya kuchosha, lakini haikosei. Katika kuunga, kila ncha iviringishwe kuuzunguka mshipi wa mwenzake: nailoni mara tano, wa kusokotwa mara nane kwa sababu ya utelezi wake. Lowesha kwa mate, vuta polepole mpaka mafundo mawili yakutane, kata masalia karibu kabisa. Na anayeota rekodi ajue kwamba IGFA, shirika la kutunza rekodi za uvuvi lililoanzishwa mwaka 1939, huhesabu samaki kwa mshipi ulio mzito zaidi kati ya miwili iliyoungwa. Nailoni nzito ya chini ingempandisha daraja asilolitaka.

Baada ya siku kadhaa kijana alirudi na rili iliyojazwa upya. Ami hakuitazama rili. Alivuta mshipi wote ukapita petani mpaka kwenye kiungo, akakipitisha taratibu, pete moja moja, akisikiliza. Pete ya ncha ikalia "tik".

"Kata," akasema. "Funga tena."