Kabla ya Faili, Tazama Miguu

Mwanangu, ukiingia wodini asubuhi, usianze na faili. Anza na miguu. Mwombe mgonjwa ruhusa, funua shuka, tazama wa kulia kisha wa kushoto. Inalingana? Gusa kwa mgongo wa kiganja. Mmoja una joto kuliko mwenzake? Ni kazi ya dakika moja, na najua hata dakika hiyo huna. Wagonjwa ni wengi, na yupo anayegonga mlango tangu alfajiri. Lakini hebu keti kidogo nikueleze.

Sisi wa wodi ya akili tulizoea kumwogopa mwenye fujo. Aliyelala kimya tulimshukuru. Wodi ikitulia, tulikunywa chai. Sikujua wakati ule kwamba kimya nacho kina hatari yake.

Damu ya miguuni haipandi kirahisi kurudi moyoni. Mtu anapotembea, misuli ya shavu la mguu huibana mishipa na kuisukuma damu juu. Akilala kutwa, damu inatuama kama maji kwenye mfereji ulioziba, na ikituama inaweza kuganda. Likishafanyika bonge, kipande kinaweza kukatika, kikasafiri hadi mapafuni na kuziba njia. Hapo mtu anaweza kufa kabla hujampata daktari wa zamu. Madaktari wanalijua jambo hili tangu zamani. Rudolf Virchow wa Ujerumani alilichunguza katika karne ya 19. Mambo yanayotajwa hadi leo ni matatu: damu inayokwenda polepole, mshipa ulioumia, na damu inayoganda upesi.

Sasa mtazame mgonjwa wetu. Amekuja baada ya siku kadhaa za kukataa chakula na maji. Amechomwa sindano ya kumtuliza, analala mchana na usiku. Pengine amefungwa kitandani. Au ana ile hali ya kukaa mkao mmoja saa nyingi, hasemi wala hasogei, ambayo madaktari huiita katatonia. Na dawa zenyewe zina sehemu yake. Mwaka 2010 watafiti wa Uingereza walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa wengi sana. Waliotumia dawa za saikosisi walipata mabonge kwa takriban theluthi moja zaidi ya wenzao. Walioanza dawa mpya ndani ya miezi mitatu, karibu mara mbili.

Taratibu hapo, mwanangu, usije ukawatisha watu. Kwa hesabu yao, hao ni kama wagonjwa wanne wa ziada kwa kila 10,000 kwa mwaka. Dawa hizi zimewarudisha wengi nyumbani kwao, na kumwachisha mtu ghafla ni kumrudisha kwenye moto. Mpe dawa yake. Ila ujue kilichomo ndani ya mguu wake.

Nilikuwa bado mgeni kazini alipoletwa mama mmoja aliyejifungua wiki chache nyuma. Kichaa cha uzazi. Alikuwa halali, hali, anakimbia usiku, mtoto kabaki kwa bibi yake. Tulimfunga, tukamchoma sindano, akatulia. Usiku akaniita. "Sista, nyoka amenishika mguuni. Ananibana." Nikachukua kalamu nikaandika: anaona nyoka. Asubuhi dozi ikaongezwa.

Wiki sita za mwanzo baada ya kujifungua ni kipindi ambacho damu ya mwanamke huganda kirahisi mno. Hilo nilisoma shuleni, nikalifaulu kwenye mtihani. Halikunijia pale kitandani, kwa sababu nilishaamua kwamba maneno yake yote ni ugonjwa.

Aliyetuamsha ni mhudumu wa usafi. Alikuwa akimvalisha kandambili ampeleke kuoga. Akauliza, "Mbona mguu huu hauingii?" Wa kushoto ulikuwa umevimba hadi pajani, unang'aa. Mama mkwe alikuwa mlangoni na mafuta yake ya nazi, anataka kuukanda. Tunajua mzazi hukandwa, na ni mila ya huruma. Lakini mguu uliovimba ghafla upande mmoja usikandwe. Unaweza kulisukuma bonge likaondoka. Yule bibi alinuna, nami simlaumu.

Alipimwa kwa altrasaundi, akaanzishiwa heparini, kisha wafarini, dawa za kuzuia damu kuganda. Alipona akili, akamlea mwanawe. Mguu haukurudi ulivyokuwa. Vali za mshipa zikishaharibika, mguu hujaa kila jioni na kuuma. Nilikuwa nikimwona kliniki, amefunga bendeji. Siku moja akaniambia, bila hasira, "Nilikuambia sista, ila nilikuambia vibaya." Sikupata la kumjibu. Alikuwa ameniambia kwa maneno aliyokuwa nayo.

Kwa hiyo, mwanangu, mgonjwa akikwambia kuna kitu kinamuuma, hata akikupa sababu ya ajabu, tazama mahali anapoonyesha kwanza. Halafu ndiyo uandike.

Muulize yeye au ndugu zake: amejifungua karibuni? Anatumia vidonge vya uzazi wa mpango? Amewahi kupata bonge, yeye au mtu wa nyumbani kwao? Ana saratani? Huko Uingereza, tangu mwaka 2018 mwongozo unataka kila anayelazwa kwa ugonjwa mkali wa akili apimwe hatari hii mapema, pamoja na hatari ya kutoka damu. Si kila mmoja achomwe heparini, maana nayo inaweza kumvujisha damu, daktari atapima. Ya kwetu ni mepesi zaidi. Maji, kikombe baada ya kikombe, hata kama anatema cha kwanza. Mnyanyue, tembea naye hadi uani na kurudi. Aliyefungwa afunguliwe mapema iwezekanavyo, na asiachwe peke yake. Asiyesogea, mkunje na kumnyoosha vifundo wewe mwenyewe. Inachosha, na hakuna atakayekusifu.

Pumzi nazo zihesabu, usikadirie. Moyo unamwenda mbio, anahema, anasema anakufa: mara nyingi ni wasiwasi kweli, na ndiyo maana tunakosea. Akipumua zaidi ya mara 20 kwa dakika, au kifua kinamchoma akivuta pumzi, au anakohoa damu, usikimbilie sindano ya kumtuliza.

Piga simu. Na ukimpigia daktari usiku, usianze kwa kusema mgonjwa wa akili analalamika, maana atakwambia msubiri asubuhi. Sema: mwanamke, amejifungua wiki tatu zilizopita, mguu wa kushoto umevimba na una joto, anapumua mara 28, mapigo 120. Akikuuliza amelazwa wodi gani, mtajie, ukishahakikisha daktari ameamka na anavaa viatu.