Kisasi na Mpaka Wake

Kiswahili kina methali isemayo kuwa dawa ya moto ni moto, na kina nyingine isemayo kuwa hasira ni hasara. Mzee mmoja aweza kuzitumia zote mbili katika siku moja: ya kwanza asubuhi, anapomtia moyo aliyedhulumiwa, na ya pili jioni, anapomzuia mtu yule yule asitoke na panga kwenda kwa jirani. Hapana unafiki ndani yake. Mzee huyo anajua kwamba dhuluma isiyojibiwa huzaa dhuluma nyingine, na anajua pia kwamba mwenye kuijibu kwa mkono wake mwenyewe hupoteza kipimo. Suala la kisasi limekaa baina ya methali hizo mbili, na aghalabu sinema za mapigano huikumbuka ya kwanza tu.

Filamu ya Man on Fire, iliyoongozwa na Tony Scott na kutolewa mwaka 2004, yastahili kuangaliwa kwa makini kuliko nyingi za jamii yake, kwa sababu ndani yake methali zote mbili zimo. Jina lake lenyewe ni la mtu anayewaka moto. Hadithi ilitokana na riwaya ya A. J. Quinnell iliyochapishwa mwaka 1980, ambayo matukio yake ni ya Italia. Iliwahi kufanywa filamu mwaka 1987, na mwandishi Brian Helgeland alipoiandika upya aliihamishia katika Jiji la Mexico, ambako utekaji nyara kwa ajili ya fedha ulikuwa umegeuka biashara yenye madalali wake, bima zake na bei zake.

Mhusika mkuu, Creasy, aliyeigizwa na Denzel Washington, ni mtu aliyeitumikia serikali ya Marekani katika kazi za siri za kuua. Sasa amestaafu, anakunywa pombe kupita kiasi, na anamuuliza rafiki yake wa zamani, Rayburn, kama Mwenyezi Mungu atawasamehe kwa waliyoyatenda. Rafiki anajibu kuwa hapana, na Creasy anakubaliana naye. Kwa kukosa kazi nyingine anaajiriwa kumlinda mtoto wa kike wa tajiri mmoja, jina lake Pita. Usiku mmoja anajielekezea bastola na risasi haitoki. Baada ya hapo moyo wake unaanza kufunguka. Anamfundisha mtoto kuogelea, na kwa kuwa Pita hushtuka kila isikiapo bastola ya kuanzia mashindano, Creasy anamzoesha mlio ule hadi uwe ishara ya kuruka majini badala ya ishara ya hofu. Kisha Pita anatekwa nyara, Creasy anapigwa risasi akimtetea, makabidhiano ya fedha za kumkomboa yanaharibika, na inatangazwa kuwa mtoto ameuawa.

Anayoyafanya Creasy baada ya hapo yanajulikana na kila mpenzi wa filamu za namna hii. Anamwendea mmoja baada ya mwingine. Anamkata polisi vidole akiwa amemfunga garini. Mkubwa wa polisi hao anamuua kwa bomu alilolitia mwilini mwake. Nusu ya pili ya filamu ni mnyororo wa mateso, na mtazamaji aliyempenda Pita katika nusu ya kwanza anajikuta akiyapokea mateso hayo kwa utulivu unaomshangaza mwenyewe.

Haki ya Creasy isipuuzwe. Mwanafalsafa wa Kiingereza John Locke, katika maandishi yake ya mwaka 1689, alishika kwamba pasipokuwa na serikali kila mtu ana haki ya kuitekeleza sheria ya maumbile dhidi ya mwenye kuivunja, na kwamba watu huiacha haki hiyo kwa sababu wanaikabidhi kwa mahakimu. Sasa, itakuwaje mahakimu wanapokuwa ndio wezi? Katika filamu hii polisi wamo katika genge la watekaji, na polisi hao hao ndio wanaonyakua fedha za kumkomboa mtoto. Kuwapelekea shauri watu kama hao ni kuipeleka kesi ya ngedere kwa nyani. Amana imevunjwa, na mwenye amana anadai kurudishiwa alichokikabidhi. Hoja hii ina nguvu, na asiyeihisi nguvu yake pengine hajawahi kusimama mbele ya meza ya ofisi ambayo haki huuzwa juu yake.

Lakini Locke aliongeza kuwa sababu kubwa ya watu kuihitaji serikali ni kwamba mtu hafai kuwa hakimu katika shauri lake mwenyewe. Kuoza kwa mahakimu hakuliondoi tatizo hilo. Kunamwacha aliyedhulumiwa peke yake nalo.

Hapa lugha yenyewe yaweza kusaidia. Neno kisasi lilitoka katika Kiarabu, na asili yake inahusiana na kufuata nyayo, yaani kupita pale pale alipopita mtendaji, pasi na kuzidisha hatua. Katika fikihi ya Kiislamu kisasi ni haki yenye mipaka: hakitekelezwi ila baada ya hukumu kuthibiti, hakimgusi asiyekuwa mkosaji, hakizidi kosa lenyewe, na warithi wa aliyeuawa wana hiari ya kusamehe au kupokea diya. Neno lilipoenea katika maongezi ya kila siku, mipaka hiyo ilibaki nyuma, na leo mtu akisema atalipa kisasi hutarajiwa kuzidisha. Sheria inakitaja kisasi kama kipimo, ilhali katika mazungumzo ya mitaani kimekuwa jina la kuvunja kipimo. Mwanafalsafa wa Marekani Robert Nozick, katika kitabu alichokitoa mwaka 1981, aliutenganisha ulipizaji na adhabu ya haki kwa hoja zinazokaribiana na hizo: adhabu ya haki ina ukomo ndani yake na haihitaji mwadhibu awe na uhusiano na aliyedhulumiwa, bali ulipizaji ni wa binafsi, hauna ukomo wa lazima, na huambatana na furaha ya kumwona mwingine akiumia.

Creasy anafuata nyayo kwa ustadi mkubwa. Kila anayemtesa anamtajia jina la mwingine, naye huenda kwa mwingine huyo. Ila hazifuati kwa maana ile ya zamani, kwani kila kituo anaacha zaidi ya alichokikuta. Katika tukio moja anaingia nyumbani kwa wazee, mume na mke, ili autumie dirisha lao kurusha kombora dhidi ya msafara wa magari ulioko barabarani. Mzee anamkumbusha kuwa kanisa linafundisha kusamehe. Creasy anamjibu kwamba kusamehe ni baina ya watu wale na Mungu, na kwamba kazi yake yeye ni kuwakutanisha tu.

Watazamaji wengi hucheka hapo. Jibu ni la werevu, lakini lina ufa. Ikiwa msamaha ni wa Mungu peke yake kwa sababu Yeye ndiye ajuaye yaliyomo nyoyoni, basi na hukumu ni Yake kwa sababu hiyo hiyo. Creasy anamwachia Mungu ile sehemu isiyompendeza na kuishika mwenyewe sehemu inayompendeza. Tena anasahau alichokisema kwa Rayburn: yeye naye anahofia mkutano huo huo.

Ufa huo unapanuka pale inapobainika kuwa Pita hajafa. Jambo hili si la kupita hivi hivi. Utekaji ulikuwa kweli, na hatia ya wahusika ni kubwa. Lakini deni ambalo Creasy amekuwa akilidai kwa damu, deni la kifo cha mtoto, halikuwapo. Hakuna shahidi aliyehojiwa kwa haki wala maiti iliyoonekana. Aliyehukumu ni mfiwa, kwa habari ya kusikia. Mahakama, hata ile mbovu, huanza kwa kuuliza kama kosa lilitendeka. Uchungu hauna subira ya kuliuliza swali hilo, kwa kuwa wenyewe hujiona ndio ushahidi.

Mtetezi wa Creasy atasema kwamba bila ya ukatili wake mtoto asingepatikana kamwe. Kauli hii lazima ijibiwe kwa uaminifu, kwani ndani ya hadithi ina ukweli. Hata hivyo Creasy hakuwa akimtafuta mtoto. Alikuwa akitafuta bei ya mtoto aliyeamini amekufa. Na lililomrudisha Pita ni lipi hasa? Ni kwamba Creasy alikuwa amemshika ndugu wa kiongozi wa watekaji, naye angali hai, ingawa mkono wake umeharibiwa kwa risasi. Kwa sababu hiyo kiongozi yule, anayejulikana kwa jina la Sauti, alikubali kusema kuwa mtoto yu hai na kutaka kubadilishana. Lau Creasy angekuwa mwepesi zaidi katika kazi yake, lau angekuwa amemuua ndugu yule kama alivyowaua waliotangulia, mlango huo ungefungwa. Mtoto aliokolewa na uhai ambao kisasi kilikuwa hakijauchukua.

Sauti naye ana msiba wake. Mpwa wake aliuawa siku ya makabidhiano ya fedha, na ndipo alipotangaza kuwa mtoto atalipa. Wanaume wawili wanaochukiana mpaka kufa wanasema lugha moja, kila mmoja akiwa na marehemu wake wa kumtaja. Ulipizaji haumwambii mtu ni nani kati ya wawili hao mwenye haki, kwa kuwa wote wawili unawapa maneno yale yale. Kiswahili husema kulipa kisasi kama kisemavyo kulipa deni. Tofauti ni kwamba deni likilipwa daftari hufungwa, na kisasi kikilipwa daftari hufunguliwa upande wa pili.

Mwisho wa filamu ni mapatano. Creasy, akivuja damu kwa majeraha, anajitoa mwenyewe pamoja na ndugu yule ili Pita arudi kwa mama yake. Mtoto anavuka daraja kwa miguu na mlinzi wake anaingia katika gari la maadui, ambamo anakufa. Neno fidia limetajwa tangu mwanzo kwa maana ya fedha, na baba wa Pita mwenyewe alikuwa amekula njama na wakili ili kutekwa kwa mwanawe kulete mali ya bima. Mwishoni fidia inapata maana yake kongwe: mtu kumkomboa mtu. Hili ni tendo la Creasy lisilohitaji kutetewa, na halina ulipizaji ndani yake. Katika filamu ya Taken ya mwaka 2008, ambayo nayo ni ya jasusi mstaafu na mtoto aliyetekwa, shujaa anarudi nyumbani na binti yake bila ya kuulizwa lolote. Hapa kuna hesabu.

Ila Tony Scott hakuthubutu kuishia darajani. Baadaye mkuu wa upelelezi anamwendea Sauti nyumbani kwake na kumuua, na maandishi yanayotokea kwenye skrini yanaeleza kuwa aliuawa wakati wa kukamatwa. Sheria, iliyokuwa imelala muda wote, imeamka ikiwa imevaa nguo za kisasi na kuiandikia taarifa ya uongo. Watazamaji wanaondoka wameridhika. Yafaa waulizwe kilichowaridhisha: ni mtoto aliyevuka daraja, au ni maiti ya mwisho? Mwenye kujibu kuwa ni vyote viwili amesema kweli, naye ana sababu ya kuiogopa ile nusu ya pili ya jibu lake. Siku ambayo yeye mwenyewe atadhulumiwa, na hakimu akawa nyani, ni nusu hiyo itakayoomba kushika panga, tena kabla hajauliza kama mtoto kweli amekufa.